Maji ya Ng'ombe kwenye Mizabibu

Mama alizikwa asubuhi, na mchana wa siku hiyo hiyo baba mdogo aliniuliza mizabibu ilimwagiliwa lini mara ya mwisho. Nilimwambia juzi. Akatikisa kichwa, akarudi kukaa na wanaume wenzake. Swali lile halikuniudhi. Katika yote niliyoulizwa siku ile, ndilo pekee ambalo nilikuwa na jibu lake.

Shamba letu liko upande wa Buigiri, kwenye mteremko mdogo unaoishia korongoni. Lilikuwa la baba. Alipokufa, mama aliendelea nalo, na mimi nikaacha shule nikiwa kidato cha pili ili nisaidiane naye kupogoa, kumwagilia na kuvuna. Hatukuwa na mtoto wa kiume nyumbani. Tulikuwa wasichana watatu: mimi mkubwa, mdogo wangu wa kati ambaye wakati mama anakufa alikuwa kidato cha tatu, na kitindamimba wetu aliyekuwa hajaota meno ya mbele ya utu uzima.

Siku ya kuondoa matanga, wazee wa ukoo walikaa nje kwenye vigoda. Baba mdogo, ambaye ni mdogo wake baba wa kumfuata, ndiye aliyesema kwa niaba yao. Ni mfugaji, mtu wa maneno machache, na sijawahi kumsikia akipandisha sauti isipokuwa kwa ng'ombe.

"Mizabibu ikiwa hai, kaeni," aliniambia. "Ikifa, hilo si shamba tena, ni ardhi tu, na ardhi ni ya ukoo. Hapo tutazungumza upya habari zenu."

Kila aliyekuwepo alijua kuzungumza upya kungekuwaje, kwa sababu walikwisha kuzungumza. Mdogo wangu wa kati angekwenda kwa shangazi Miyuji akamsaidie dukani, na shule ingekuwa basi. Kitindamimba angepelekwa kwa bibi mzaa mama, kule Kondoa. Mimi nilikuwa na umri wa kuolewa. Nilimwambia baba mdogo nimeelewa, nikaenda kuosha sufuria za watu.

Sikulia msibani. Wanawake walinisema kwamba nina moyo mkavu, na mmoja, jirani yetu ambaye alimpenda sana mama, alinifinya mkono wakati jeneza linatolewa ili machozi yatoke. Nilimtazama. Aliona aibu akaniachia. Hata leo sijui kwa nini sikulia. Nilikuwa nikiona kila kitu vizuri, vumbi kwenye viatu vya mchungaji, uzi uliochomoka kwenye kanga ya shangazi, lakini vilikuwa kama viko upande wa pili wa kioo.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Kwa kawaida, zikiisha, tulikuwa tunachimba kisima kwenye mchanga wa korongo, tunateka maji matamu kwa ndoo na kuyapandisha shambani. Safari ile tulichimba mpaka mdogo wangu akawa anaonekana kichwa tu, na kilichotoka kilikuwa tope. Bomba la kijiji lilitoa maji kwa zamu, na foleni yake ilitosha kupata ya kunywa na kupikia.

Nilikwenda kwa baba mdogo. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza. Hakusita. Aliniambia nichukue maji kwenye kisima kirefu cha mifugo ambacho yeye na wafugaji wenzake wananyweshea, akaniazima na punda na mkokoteni wake wa mapipa. Maji yale yana chumvi, sisi wote tunalijua hilo. Chai yake huganda ikitiwa maziwa, na sabuni haitoi povu. Nilimuuliza kama hayatadhuru mizabibu. Alinionyesha ndama wake mmoja mwenye nundu nzito na ngozi inayong'aa.

"Huyu amekua kwa maji gani?" aliniuliza. "Wenye ng'ombe wanatoka mbali kufuata maji haya. Maji matamu hayana nguvu, mwanangu. Mnyama akiyanywa hayo tu, anakonda."

Huko kwetu maji hupimwa hivyo. Mtu akitaka kujua kama kisima ni kizuri, anatazama mifugo inayokitegemea. Hakuna aliyekuwa akinidanganya. Jirani zetu wenye mizabibu, nao kisima chao kilipokauka, walifuata mkokoteni wangu. Wengine walisema tulichelewa kufanya hivyo.

Kwa muda kila kitu kilikuwa sawa. Nilikuwa naamka, namfunga punda, nateka, napandisha, namwaga kwenye visahani vya udongo tulivyochimba kuzunguka kila shina, narudi. Kazi ile ilinifaa. Haikunitaka nifikiri. Kitindamimba alianza kuniita mama, na sikumkataza wala sikumwitikia kwa namna tofauti.

Kisha majani yakaanza kuungua kingoni. Ukingo wa jani ulikuwa kahawia na mkavu kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto, na katikati bado kijani. Vichala vichanga vilinyauka kabla punje hazijavimba. Nilidhani ni kiu. Mtu yeyote angedhani kiu. Nikaongeza safari za mkokoteni, na kwa sababu mama alikuwa akisema mzabibu dhaifu hulishwa, nikaongeza na samadi ya mbuzi. Majani yakazidi kuungua. Nikaongeza maji tena.

Mbuzi wa jirani ndio walioanza kugundua. Kila wakifunguliwa walikuja moja kwa moja shambani kwetu, wasiguse majani, wakapiga magoti chini ya mizabibu na kulamba udongo. Niliwafukuza kwa mawe. Nilipoinama kuona wanalamba nini, nikakuta juu ya udongo utando mweupe, mwembamba, kama unga uliomwagika kinuni.

Mdogo wangu alikuwa anatoka shule alasiri. Siku ile alinikuta nimesimama pale na ndoo mkononi. Alichukua kidogo kwa ncha ya kidole, akaonja, akatema.

"Dada," alisema, "hii mizabibu unaimwagilia au unaiunga?"

Yeye ndiye mwenye mdomo nyumbani kwetu. Sikucheka, lakini nilisikia kwamba ni kichekesho.

Jioni hiyo alikuwa amekaa karibu na jiko, mimi nasonga ugali, na yeye alikuwa amekatakata nyanya na vitunguu kwa kachumbari. Aliponyunyiza chumvi aliniita. Aliniambia nitazame bakuli. Niliendelea kusonga. Ugali ulipoiva na kupakuliwa, bakuli lilikuwa na maji chini, kama ambavyo bakuli la kachumbari huwa siku zote.

Akaniuliza maji hayo yametoka wapi. Nikamwambia kwenye nyanya na vitunguu. Akaniuliza nani ameyakamua. Nikamwambia hakuna, ni chumvi tu.

Kisha akanieleza, kwa Kiswahili, mambo ambayo yeye alifundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo alikuwa akitafuta maneno na kusaidiwa na mikono. Alisema kitunguu, jani, mzizi, hata ngozi yetu, vimejengwa kwa seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Hilo nililikumbuka. Kabla sijaacha shule niliwahi kuchora seli: sanduku, ndani yake kidoa. Sikuwa nimefika mbele ya hapo. Alisema kila seli imezungushiwa utando mwembamba sana, na utando huo unaachia maji yapite lakini chumvi na sukari unavizuia, au unavipitisha kwa taabu. Maji yenyewe hayana akili wala huruma. Yanahama kutoka upande yaliko mengi na safi, yanakwenda upande wenye chumvi au sukari nyingi, mpaka pande mbili zikaribiane.

Mzizi wa mzabibu, alisema, kwa kawaida ndani yake una vitu vingi vilivyoyeyuka kuliko udongo ulio nje. Ndiyo maana maji yanaingia. Mzabibu hauyavuti kwa mdomo. Yanaingia yenyewe kwa sababu ndani kuna kitu kinachoyaita.

"Na nje kukiwa na chumvi nyingi kuliko ndani?" nilimuuliza.

"Hapo hayaingii. Yanaweza hata kutoka."

Nilikaa chini. Nilifikiria mapipa yote yale. Kila nilipoona jani limekauka nilimwaga maji yenye chumvi, maji yakakauka juani, chumvi ikabaki. Kesho yake nikamwaga tena, ikabaki nyingine juu ya ile. Mizabibu ilikuwa imesimama katika udongo uliolowa na ilikuwa inakufa kwa kiu. Nililiona jambo hilo waziwazi, kama hesabu ya mtu mwingine. Nilikula ugali wangu nikaumaliza.

Lakini baba mdogo hangekubali neno la mtoto wa shule dhidi ya ndama wake, na mimi mwenyewe nilitaka kuona. Kwa hiyo tulichukua vitunguu viwili vilivyokaribiana ukubwa na glasi mbili. Moja tuliijaza maji ya bomba, nyingine maji ya mifugo, tukaviweka vitunguu kwenye midomo ya glasi, kitako kikigusa maji. Tukaziweka dirishani. Kitindamimba alikatazwa kuzigusa na akawa anazilinda kama mayai.

Kitunguu cha maji ya bomba kilitoa mizizi myeupe iliyoshuka kama nyuzi, leo hivi, kesho mirefu zaidi. Kile cha pili kilitoa vivimbe vidogo kuzunguka kitako. Vivimbe vile vilibaki hivyo hivyo, kisha vikageuka rangi ya chai.

Mdogo wangu alinieleza kinachotokea kwenye ncha ya mzizi. Shuleni waliwahi kukata ncha kama hiyo, wakaipaka rangi nyekundu, wakaibonyeza kwenye kioo na kuitazama kwa hadubini, wakipokezana kwa foleni. Alisema mzizi haurefuki kwa kuvutika kama mpira. Unarefuka kwa sababu kule nchani seli zinagawanyika, moja inakuwa mbili. Na seli haigawanyiki ovyo. Kwanza inanakili maagizo yote iliyonayo ndani, yale yanayosema kitunguu kiwe kitunguu. Yanajikunja kuwa vijiti, vijiti vinajipanga katikati, vinavutwa huku na huku, nusu upande huu na nusu upande ule, kisha ukuta unajengwa kati. Kila upande unabaki na kila kitu. Hakuna upande unaodhulumiwa.

"Aliyeanzisha utaratibu huo hakuwa na baba wadogo wala mashangazi," alisema.

Nilimuuliza seli zikishagawanyika zinavimbishwa na nini. Alisema na maji yanayoingia. Bila maji hazivimbi, zisipovimba mzizi haurefuki, na mwishowe hata kugawanyika kunakoma. Alinyoosha kidole kwenye glasi ya pili.

Ndipo akasema jambo ambalo hatukuwa tumelisema nyumbani tangu mama afe. Alisema mwalimu aliwaambia kuwa zipo seli ambazo zinasahau kukoma. Zinagawanyika tu, pasipo kuagizwa, zinajaa mahali pasipo pao. Aliwaambia ndiyo saratani. Darasani alikuwa ameandika neno hilo kama wengine, akapiga mstari chini yake kwa rula.

Daktari wa hospitali ya mjini alitueleza hivyo hivyo, kwa maneno mengine, mama akiwa amekaa pembeni yangu na mkoba wake magotini. Alisema ni uvimbe na umesambaa. Nilidhani uvimbe ni kitu kilichoingia kutoka nje, kama mwiba. Sikujua kuwa ilikuwa ni mama mwenyewe, seli zake mwenyewe, zikiendelea kufanya kazi. Nilipolijua pale dirishani nilingoja nisikie kitu. Sikusikia chochote. Mdogo wangu alikuwa amejifunika uso kwa kitabu. Nikamwambia moshi wa jiko umezidi, akafungue mlango.

Kesho yake nilirudisha punda.

Baba mdogo alidhani mkokoteni umevunjika. Nilimwambia hapana, naacha kumwagilia. Alinisikiliza mpaka mwisho, habari za chumvi, za mzizi na za vitunguu viwili. Alikuja mpaka nyumbani akaziona glasi, akaziinua moja moja kwenye mwanga, akanusa.

"Kitunguu si ng'ombe," alisema hatimaye.

"Na mzabibu pia si ng'ombe, baba mdogo."

Hakupenda. Alisema maji yale yamelea ukoo mzima, pamoja na baba yangu. Nilimwambia najua. Alisema mtu anayeacha kumwagilia wakati wa kiangazi, tena kwa hiari yake, asije akasema baadaye kwamba ukoo ulimnyang'anya. Nilimwambia sitasema. Aliniuliza nitafanya nini sasa. Nikamwambia nitaondoa chumvi iliyo juu, nitapogoa, nitachimba mifereji, na nitangoja mvua ioshe iliyo chini.

"Na mvua isipokuja?"

Nilimwambia isipokuja tutazungumza upya.

Akasema sawa. Akaongeza kwamba atakuja kuangalia mvua zikishatulia, atakuja na kisu cha kukwangulia mashina, na kile atakachokikuta ndicho tutakachokisimamia sote wawili.

Jirani zangu waliendelea na mikokoteni yao. Wakipita walinisalimia, halafu nikawasikia wakiulizana kama nimeamua kuimaliza mizabibu kabisa ili niolewe haraka. Yule mama aliyenifinya msibani alikuja kuniuliza uso kwa uso. Alisema, kama kazi imenishinda, niseme, si dhambi. Nilimpa jembe la pili akanisaidia kidogo.

Niliparua ule utando mweupe pamoja na udongo wa juu, chini ya kila shina, nikaujaza kwenye viroba. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Sikujua niupeleke wapi, maana popote ningeumwaga mvua ingeurudisha. Baba mdogo alipita, akaviona viroba, akatia mkono, akaonja. Uso wake ulibadilika kidogo. Aliuliza kama navihitaji. Jioni alikuja na mkokoteni akavibeba vyote kupeleka zizini, na nilisikia baadaye kwamba ng'ombe waligombania. Kwa hiyo tuliishi hivyo kipindi kile: hatukuwa tukizungumza sana, lakini alikuwa akija kuchukua viroba.

Nilipogoa shamba zima mwisho wa kiangazi. Nilikata kwa ukali, nikaacha macho mawili matatu ya kuchipulia kwenye kila tawi. Mzabibu wenye afya, ukiukata wakati mizizi ina maji, hudondosha maji kwenye jeraha, tone baada ya tone, asubuhi nzima. Mama alikuwa akifurahi sana akiona hivyo. Alikuwa akipitisha kiganja kwenye jeraha na kusema huu una maji miguuni. Safari ile nilikata safu baada ya safu na hapakuwa na tone. Majeraha yalibaki makavu na meupe, kama mifupa.

Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu akikusanya matawi.

"Imekuwa kama wewe," alisema.

Hakukusudia ubaya. Nilikata tawi lililofuata.

Kuanzia hapo hapakuwa na kazi. Hilo lilikuwa gumu kuliko mkokoteni. Nilichimba mifereji kuelekea korongoni ili maji ya mvua yakishapita kwenye udongo yaondoke na chumvi yake, na nilipoimaliza niliichimba tena kwa kina. Nilifagia uwanja. Nilimsikiliza mdogo wangu akijisomea kwa sauti, nami nikamuuliza maswali kutoka kwenye kitabu ambacho sikukielewa, nikifuata tu kama anachosema kinafanana na kilichoandikwa. Shangazi wa Miyuji alipiga simu kuulizia hali ya shamba. Alisema kwa upole kwamba kitanda kipo tayari. Nilimshukuru.

Mvua ya kwanza ilikuwa ya vumbi tu. Ya pili ilishuka mchana, nzito, na mifereji ikajaa maji ya rangi ya kahawa. Nilisimama mlangoni nikiyatazama yakiteremka. Yalipofika korongoni niliyafuata, nikachota kwa kiganja nikaonja. Yalikuwa na chumvi. Mvua nyingine ikaja, nikaonja tena, na nyingine. Watu waliokuwa wakipita waliona mtu mzima amechuchumaa mvuani anakunywa maji ya mfereji, na nadhani habari hizo zilifika mbali. Ilifika siku nilipoonja nikasikia udongo tu.

Nilikwenda shambani na mkasi nikakata ncha ya tawi moja kwenye safu ya juu, karibu na nyumba. Nilingoja. Kwenye jeraha kikatokea kitone, kikakaa, kikanenepa, kikadondoka. Nilikata la pili na la tatu. Safu za juu zote zilidondosha. Kadiri nilivyoteremka, matone yalipungua, na kwenye safu za chini, karibu na korongo, ambako chumvi ya mteremko mzima ilikuwa imekusanyika, nilikata kuni kavu.

Nilimwambia mdogo wangu aliporudi shule. Alikimbia na sare yake mpaka kule juu, akagusa matone, akapaka mashavuni, akalia kwa sauti ambayo hakuitoa hata msibani. Kitindamimba alilia kwa sababu yeye analia. Nilisimama na mkasi. Nilijua kwamba hiki ndicho nilichokitaka, na nilingoja kuguswa nacho, kama mtu anavyongoja maji yachemke. Kisha nikawaambia tuingie ndani, mvua inarudi.

Macho ya mizabibu yalivimba, yakapasuka, yakatoa vijani vya rangi ya waridi vyenye manyoya. Mdogo wangu alisema ndani ya kila jicho seli zilikuwa zinagawanyika wakati ule ule tunapotazama. Nilitazama. Palionekana kimya kabisa.

Baba mdogo alikuja mvua zilipotulia, asubuhi, kama alivyoahidi. Watoto walikuwa wameshakwenda shule. Hakuja na mzee mwingine wa ukoo, na kwa hilo nilimshukuru moyoni. Alinisalimia kwa lugha ya kwetu, "Mbukwa," nikaitikia, nikamwamkia. Alikuwa na kisu, na begani alikuwa na kamba ndefu ya kufungia ndama.

Tulianzia juu. Hapakuwa na haja ya kisu kwa sababu matawi yalikuwa na majani, lakini alikwangua gamba la kila shina la mwanzo wa safu hata hivyo, akaona kijani chini yake, akaenda mbele. Tulipofika katikati ya mteremko alianza kukwangua shina moja moja. Kijani. Kijani. Kahawia. Kijani. Chini zaidi ilikuwa kahawia tupu, na mashina mengine yalitikisika yakiguswa.

Alifuta kisu kwenye suruali. Alikaa kwenye jiwe akatazama chini korongoni.

"Yale yangu yaliua," alisema. Alikuwa anasema habari za maji. Hakungoja jibu. "Huku chini hakuna shamba tena. Nitaweka zizi la ndama."

Nilimwambia sawa.

"Huko juu ni kwenu. Watoto wasome. Shangazi yenu nitamwambia mimi."

Nilimwambia asante, baba mdogo. Sauti yangu ilitoka ya kawaida. Alinitazama kama anayetafuta kitu usoni kwangu, halafu akanirushia ncha moja ya kamba. Nilikwenda nayo hadi kwenye mpaka wa jirani, yeye akaenda na ncha nyingine upande wa pili, tukaivuta ikanyooka katikati ya mteremko, yaliyo hai juu na yaliyokufa chini. Nilimletea nyundo na vigingi kutoka nyumbani, akaanza kupigilia.

Katikati ya mstari kamba iligusa shina moja. Mkono mmoja wa mzabibu huo, ulioelekea korongoni, ulikuwa mkavu mpaka kwenye shina. Mkono wa pili ulikuwa na vijani viwili, vyote vidogo, kimoja bado kimejikunja.

Baba mdogo alisimama juu yake na nyundo.

"Na huu?" aliuliza. "Wangu au wako?"

"Wangu."

Aling'oa kigingi kilichokuwa karibu, akashuka nacho hatua moja kuelekea korongoni, akakipigilia upya.